Zamu za Chumba cha Kuchambulia

Kabla hujanihubiria habari za dunia mpya isiyo na matajiri, njoo kwanza unuse chumba chetu cha kuchambulia. Kiko nyuma kabisa ya jengo la kufulia, karibu na mfereji. Gari likitoka hospitali na kwenye nyumba za wageni, mashuka yote hushushwa humo yakiwa ndani ya mifuko. Huwezi kuipa mashine mfuko mzima, itaziba. Lazima mtu afungue, akunjue shuka mojamoja kwa mkono, akung'ute kilichomo. Na kilichomo ni kila kitu ambacho mwili wa binadamu hutoa ukiugua, ukilewa, ukizaa na ukifa. Pamba zilizogandana kwa damu. Kinyesi kilichokauka, na kile ambacho hakijakauka. Siku moja lilidondoka jino. Mimi ni mpiga pasi, nimezeekea kwenye mvuke na jasho, sina pua ya kimalkia. Lakini nikipita mbele ya mlango ule, kichefuchefu hunipanda mpaka kooni.

Humo ndimo alimofanyia kazi mdogo wangu.

Aliwekwa humo kwa sababu alikuja wa mwisho na hakujua kukataa. Glavu alipewa siku ambazo mkaguzi alitarajiwa, mkaguzi akiondoka zikakusanywa. Dawa ya kung'arishia mashuka ilimbabua mikono mpaka ngozi ya vidole ikawa inabanduka kama rangi ya ukuta mbovu. Tuliishi pamoja, yeye, mimi na mwanawe mdogo wa kike, na jambo lililokuwa likinikata maini ni hili: mtoto alikuwa hali kutoka mkononi mwa mama yake. Mdogo wangu akimpelekea kipande cha mkate, mtoto anageuza uso, anafumba mdomo, ananisubiri mimi. Mdogo wangu anacheka, anasema, "Huyu ana nyodo za baba yake." Kisha anatoka kwenda bombani, nami nasikia maji yakimwagika, yakimwagika, na akirudi mtoto anageuza uso tena. Niliapa kwamba nitamtoa mdogo wangu katika chumba kile hata kama ni kwa meno.

Mwenye mali tulikuwa tukimwita Mgeni Rasmi, maana alikuja kwa nadra na kila akija tunapangwa mstari. Huyu bwana aligundua kwamba kuagiza kutoka nje mashuka ya kutumia mara moja na kutupa kunampa faida kubwa kuliko kufua. Jengo letu alilitaka liwe ghala. Basi akatutangazia kwamba kazi imekwisha, akatushukuru kwa ushirikiano, akapanda gari. Ila hospitali ilikuwa na wodi zimejaa wagonjwa na haikumudu hayo mashuka yake ya kutupa. Mifuko ikaendelea kuja. Nasi hatukutoka. Fundi aliwasha mashine, mimi nikawasha pasi, na aliyekuja kutufukuza alikuta tunafua, akaondoka.

Tulikaa kikao cha kwanza kwenye chumba cha kukunjia, juu ya vikapu vilivyopinduliwa. Aliyesema sana ni Mwalimu. Zamani alifundisha shule, akafukuzwa kwa kupiga domo, akaja kwetu kuchochea tanuri la maji ya moto, na domo akaja nalo. Lakini siku ile alisema jambo.

"Ndugu zangu, bosi si mtu. Bosi ni mpangilio. Tukimwondoa mtu tukaacha mpangilio, tutakuwa tumebadilisha picha ukutani tu."

Tukapiga makofi. Tukakubaliana malipo ya hospitali tuyapokee wenyewe, mgao uwe sawa kwa wote, na kila neno liamuliwe kikaoni. Dereva alilia machozi kabisa. Kila mtu alikuwa anamshika mwenzake bega. Ndipo nikauliza, "Na chumba cha kuchambulia?"

Utadhani nimejamba. Watu wakaangalia sakafu. Fundi akaanza kukagua kucha zake. Bi Foronya, anayekunja foronya na ambaye huwa haishiwi maneno, aliishiwa.

Ni Mwalimu tena aliyetoa njia. Katika kazi yetu vifungo vya nguo hudondoka kwenye mashine kila siku, na tangu enzi na enzi tulikuwa tukivitia kwenye chupa kubwa. Akachagua vyeusi, akampa kila mmoja wetu kimoja. Ukimaliza siku yako chumbani, unatumbukiza kifungo chako kwenye chupa. Vyote vikirudi, raundi imekwisha, vinagawiwa upya. Hakuna wa kumwamuru mwenzake, kifungo ndicho kinachoamuru. Tuliona tumepata akili kuliko serikali.

Na raundi ya kwanza, nisiseme uongo, ilinifurahisha mno. Dereva aliingia akiimba, akatoka akitapika kwenye ndoo, akarudi, akatapika tena. Bi Foronya alisikika akimwita Mungu kwa majina yote anayoyajua. Mwalimu alijifunga usoni kitambaa chenye marashi na alipotoka hakutaka kuongea habari za mpangilio mpaka kesho yake. Lakini tazama: Fundi alipotoka zamu yake alichukua nyundo, akabomoa ukuta, akaweka dirisha. Bila kikao! Miaka yote chumba kile hakikuwa na dirisha kwa sababu waliokuwa na nyundo hawakuwahi kukinusa. Glavu nene zikanunuliwa, feni ikafungwa, koleo refu la kuokotea sindano likapatikana. Nami nikamweka mdogo wangu mezani kwangu nikamfundisha pasi. Alikuwa mwepesi. Ngozi mpya ilianza kuota vidoleni mwake, nyekundu, laini, na jioni nilikuwa naiangalia kwa kuibia kama mtu anayeangalia mche wake.

Kosa letu lilikuwa kwamba tulichunga vifungo, hatukuchunga watu. Chupa ikijaa, sisi tumeridhika.

Dereva ndiye aliyelitambua kwanza. Si mtu mbaya, tumbo lake tu ni la kitoto. Alimfuata mdogo wangu akamwambia, "Ndugu, wewe ulishazoea. Nipelekee hiki kifungo, nami nitakuwa nakurudisha nyumbani na gari." Mdogo wangu akachukua. Jioni mimi nilirudi kwa miguu kwa hasira, na wao wakinipita wakinipigia honi.

Fundi akafuata, akamtengenezea jiko. Bi Foronya akaleta nguo za mtoto, nguo nzuri, na kifungo chake akakificha katika mfuko wa gauni moja kama mtu anayetoa rushwa kwa aibu. Mwalimu alikuja wa mwisho, na yeye alitoa pesa taslimu, amezikunja kwenye karatasi. Hakusema ananunua. Aliita mchango. Alisema huo ndio mshikamano wenyewe, kila mtu kutoa anachoweza. Mtu huyu alivaa miwani ya mbao, akasimama mbele yangu, akalitamka neno mshikamano huku mkono mmoja ukisukuma kifungo mezani. Nilitamani kumpitishia pasi usoni.

Mezani kwangu mdogo wangu akawa haonekani. Raundi ikianza, vifungo vyote vyeusi vinamfuata kama nzi, isipokuwa changu. Feni iliharibika na Fundi hakuwa na haraka nayo, kwa kuwa hakuwa akiingia tena. Glavu zilipasuka, kikao kikasema zitanunuliwa. Vidole vikaanza kubanduka upya. Nyumbani kulikuwa na jiko zima na nguo mpya, na mtoto akigeuza uso.

Nikaitisha kikao. Sikutafuta maneno mazuri.

"Kifungo kirudishwe na mtu aliyepewa, basi. Anayeogopa mavi ya wagonjwa aache na mgao unaotokana na mavi ya wagonjwa."

"Dada, taratibu," Mwalimu akasema. "Tuliondoa amri hapa. Sasa unataka kuzirudisha? Mwenzetu ni mtu mzima. Ameridhia."

"Ameridhia! Na Mgeni Rasmi alipomtia humo alimfunga kamba? Si aliridhia vilevile? Sote hapa tuliridhia miaka yote, tulisaini, tukasema asante. Ulituambia bosi ni mpangilio. Haya, uangalie mpangilio wako. Umeota tena kwenye chupa ya vifungo."

Nilidhani nimewapata. Kisha aliyesimama ni mdogo wangu mwenyewe, mikono ameificha nyuma.

"Dada, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenilea. Lakini usinitilie mchanga kitumbua changu. Zamani nilikuwa naingia mle bure. Sasa kila anayeniona ananisalimia, ananiuliza nahitaji nini. Ukinitoa, hayo atanipa nani?"

"Na mtoto?"

"Mtoto atakula nitakachomnunulia."

Tukapiga kura. Mkono wangu ulibaki juu pamoja na wa Bi Foronya, ambaye alidhani tunapigia kura jambo lingine, alipogundua akaushusha mbio. Watu wakarudi kazini wakiwa wepesi, wamefurahi kwamba demokrasia imefanya kazi. Mimi nilikwenda kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kumchukia Mgeni Rasmi kulikuwa kazi rahisi. Hawa nilikula nao, nilizika nao, nilikuwa najua nani ana kisukari na nani anakoroma.

Siku chache baadaye nilipita nyuma nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anakunywa chai. Ndani ya chumba mtu alikuwa anakung'uta mashuka.

"Yupo nani humo?"

"Mama mmoja. Ananisaidia."

Nikachungulia. Mwanamke mwembamba, viatu vyake havifanani, hana glavu, amezama mpaka viwikoni. Alipoona kichwa changu akainama. "Shikamoo, mama," akasema, na hali tulikuwa rika moja.

Nikarudi kwa mdogo wangu. "Anakusaidia au unamlipa?"

"Nampa kidogo."

"Kidogo kuliko wanachokupa wenzako?"

Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Sasa Dada, nikimpa chote, mimi nibaki na nini?"

Aliyasema hayo kwa upole kabisa. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, ndiyo maana nilitaka kupiga mayowe. Hakusoma popote. Hakuna aliyemfundisha. Mgeni Rasmi aliajiri watu wenye suti waandike kurasa na kurasa kueleza jambo hilohilo, na mdogo wangu alilimaliza kati ya mafunda mawili ya chai.

Mikono yake ikapona. Ilipona vizuri hasa, akaipaka mafuta, akaanza hata kupaka rangi kucha. Na jioni moja alimkatia mtoto mkate, akampelekea mdomoni bila kufikiri, na mtoto akafungua mdomo akala. Akaomba tena. Mdogo wangu aliniangalia machozi yakimtoka, akasema, "Dada, umeona?" Niliona. Ndicho nilichokuwa nimekiapia. Nilimkumbatia na nililia naye, furaha ile ilikuwa ya kweli, na chakula changu nikakisukuma kando. Nilijua ngozi ile mpya imetolewa mikononi mwa nani.

Katika kikao kilichofuata nilitaka yule mama aandikwe kuwa mwanachama, mgao sawa, sauti sawa. Fundi akasema mgao utapungua. Dereva akasema mama yule hakuwepo siku ile tulipokataa kutoka, sisi ndio tuliopambana. Bi Foronya akasema anamwonea huruma sana, sana, na akaishia hapo. Mdogo wangu ndiye aliyesema ukweli bila kupaka mafuta.

"Akiwa mwanachama atapewa kifungo kimoja kama sisi, na vingine vitarudi kwenu. Mnavitaka?"

Hakuna aliyevitaka. Mwalimu akapendekeza mambo yarahisishwe: vifungo viachwe, mdogo wangu awe msimamizi wa chumba cha kuchambulia, atafute watu wake mwenyewe, kikao kimpe fungu lake. Akaliita hatua ya mpito. Nilimuuliza mpito wa kwenda wapi. Alisema historia haiendi kwa mstari ulionyooka. Nikamwambia historia haimo humu, humu mna kinyesi na mwanamke anayekishika. Wakapiga makofi, si kwangu, kwa msimamizi mpya.

Wiki ile nilikuwa naanika foronya uani nilipomwona yule mama anatoka chumbani haraka, ameukamata mkono wake wa kushoto. Alikwenda bombani akafungua maji, akaminya kidole, akaminya tena. Nilimfikia kabla hajageuka. Ilikuwa sindano. Ilikuwa bado imening'inia kwenye mkunjo wa nguo yake, na ncha yake ilikuwa na damu iliyokauka, isiyokuwa yake.

"Twende hospitali," nikasema. "Sasa hivi. Kuna dawa wanatoa, lakini uwahi."

"Nitakwenda nikitoka."

"Utakwenda sasa."

"Mama, tafadhali." Aligeuza shingo kutazama kama mdogo wangu yuko karibu. "Usimwambie. Aliyekuwepo kabla yangu alichomwa akaomba ruhusa, hakurudishwa tena." Akaing'oa ile sindano, akaitupa mtaroni, akapangusa kidole kwenye nguo, akarudi ndani.

Sikujua hata kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake.

Nikamfuata. Dirisha la Fundi lilikuwa limezibwa na mifuko iliyopangwa mpaka juu. Harufu ilinipiga kofi. Nikavuta mfuko wa kwanza nikaufungua, nikashika shuka lililolowa, zito, sitaki kusema limelowa nini, nikaanza kulikunjua.

Yule mama akalidaka upande wa pili. "Unafanya nini?"

"Nakuchambulia. Wewe nenda ukatibiwe."

"Acha." Akavuta. "Mama, nakuomba, usininyang'anye kazi yangu."

"Sikunyang'anyi. Nakushikia tu mpaka urudi."

"Wote husema hivyo." Akavuta kwa nguvu zaidi, na alikuwa na nguvu. Nami nikavuta. Wanawake wawili watu wazima tunanyang'anyana shuka la mavi, linatudondokea miguuni, yeye akinililia nimwachie na mimi nikimfokea aondoke, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mwehu. Nililishikilia tu. Nilikuwa na kinyaa cha kila kitu kilichokuwamo humo, na cha kila kitu kilichokuwa nje ya humo.

Mdogo wangu akatokea mlangoni. Amefunga leso safi kichwani, pua ameibana kwa vidole.

"Dada," akasema kwa ile sauti ya puani, "mwache mfanyakazi wangu afanye kazi."

Yule mama aliachia kwa hofu. Shuka likabaki mikononi mwangu peke yangu. Nikalikusanya lote, nikamrushia mdogo wangu kifuani.

Alilidaka. Hakupanga, mikono ilifanya yenyewe, kama ilivyofanya miaka yote. Alibaki amelikumbatia, mdomo wazi, halafu harufu ikamfikia. Nilimwona akibadilika uso, akainama, akajizuia, akashindwa, akatapika pale pale kwenye viatu vyake. Yule mama akaenda kumshika mabega bila kuambiwa.

"Huyu amechomwa sindano," nikamwambia mdogo wangu. "Gari la Dereva liko uani. Linampeleka hospitali sasa hivi, na akirudi anakuta kazi yake na haki yake ya uanachama. Ukipinga, nitakwenda wodini leo niwaambie mashuka yao yanachambuliwa vipi, na tuone kitakachobaki cha kugawana."

"Utatuua njaa sote, Dada."

"Sote, ndiyo. Safari hii sote."

Alikuwa ananijua, alikuwa anajua siku nikisema hivyo sitanii. Alijipangusa mdomo kwa bega, akamwambia yule mama, "Nenda. Mwambie Dereva nimesema mimi. Utarudi hapahapa." Yule mama hakuamini, alisimama akitutazama kwa zamu, mpaka nilipomsukuma nje na kumwonyesha gari.

Mwalimu na wenzake walikuwa wamekusanyika uani kwa makelele yetu, kila mmoja amesimama mbali kidogo na harufu. Niliwaambia mlango uko wazi. Hakuna aliyesogea. Fundi tu, baada ya kujikuna sana, alikuja akaiondoa mifuko iliyoziba dirisha, kisha akarudi kusimama na wengine.

Mdogo wangu alikuwa bado ameshika shuka. Glavu hazikuwepo, si zake, si zangu. Akalitandaza sakafuni, akaanza kulikung'uta, na mimi nikafungua mfuko uliofuata.